Shangazi, Nagonga!

Ile ngazi sikuipenda tangu siku niliyohamia pale kumuuguza kaka yangu, na nilisema. Nilisema kabla hata sijatua begi. Ngazi ya saruji, nyembamba, imesimama wima, inaanzia pale pale sebule inapoishia. Juu hakuna mlango, ni pazia tu. Mlango wa chuma uko chini, barabarani. Ukitoka sebuleni na kupiga hatua moja ya kizembe, umefika mtaani kwa kichwa. Nikamuuliza kaka, "Aliyekujengea ngazi hii alikuwa na kisasi na wewe?" Akanijibu kwa ile sauti yake mpya, ndogo, ya mtu anayeongea ndani ya mto: "Niliijenga mwenyewe." Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Yeye ndiye kifungua mimba wa kwetu, mimi kitinda mimba. Wanawe, ambao wote wanaishi mbali, wananiita Shangazi, na mtaa ulinijua kupitia kwao, kwa hiyo nikawa Shangazi wa kila mtu, hata wa watu wenye mvi kunizidi. Kaka mwenyewe ananiita Pilipili tangu utotoni, na sina hoja ya kumpinga. Yeye watu walimwita Posta. Miaka yote ya kazi yake alipeleka barua za watu kwa miguu. Baiskeli walimpa, akairudisha, akasema inampitisha kwenye nyumba za watu bila kuwasalimia. Mtu wa miguu, kaka yangu. Ndiyo maana nauchukia ugonjwa huu, umemshika pale pale alipokuwa anajivunia.

Ni Pakinsoni. Ulianza na kidole gumba cha mkono wa kulia, kikawa kinasugua cha pili yake saa zote kana kwamba anabingirisha punje. Tukacheka. Halafu sauti ikapungua, halafu uso ukaganda. Akifurahi uso ule ule, akikasirika uso ule ule, ikabidi nijifunze kumsoma machoni. Wifi yangu alipofariki, watu walinong'ona msibani kwamba Posta hana hata chozi. Nusura niwakunje mashati.

Mwisho ikaja zamu ya miguu. Siku ambazo dawa imekolea vizuri alikuwa anaweza kushika mikono ya kiti, akajisukuma, akainuka mwenyewe. Lakini kuinuka si kwenda. Anasimama, anataka kwenda chooni, kichwa kimeshafika chooni, nyayo zimebaki sakafuni kana kwamba kuna mtu kazishika kutoka chini. Mlangoni ndiyo usiseme. Tungesimama pale mimi na yeye, mimi nikimvuta na kumfokea, yeye akinitazama kwa macho ya mtu anayeomba radhi. Nilimfokea sana, sifichi. Woga wangu siku zote hutoka na sura ya hasira.

Kituo cha afya kilikuwa kinatuletea binti mmoja wa mazoezi, anapita nyumbani mara moja kwa wiki. Siku moja alimkuta kaka amekwama mlangoni mwa chumba, mimi nimeshika kiuno nimechoka. Hakumvuta. Alisimama mbele yake akaanza kupiga makofi taratibu, kwa mpangilio mmoja. "Mzee, usifikirie mguu. Fuata makofi tu." Mguu ukanyanyuka. Wa kulia, wa kushoto, akapita mlangoni, akafika hadi dirishani. Nililia kama mtoto. Kaka naye macho yalikuwa yanacheka.

Yule binti alimfunga mkanda mpana wa turubai kiunoni, akanionyesha namna ya kuushika kwa nyuma. Kisha akanivuta pembeni. "Shangazi, kuna kitu nataka kikuingie. Akishaanza, anaweza kushindwa kusimama. Hatua zinakuwa fupi, zinakimbiliana, kiwiliwili kinatangulia mbele na miguu inakikimbiza. Kwa hiyo asitembee bila mtu kushika mkanda. Hata siku moja."

"Nitampigia makofi polepole," nikasema.

"Si hilo tu. Haendi kwa sababu wewe umemwita. Anaenda kwa sababu ya mdundo. Mdundo wowote."

Nikaitikia kwa kichwa. Neno lenyewe nililisikia vizuri, ila sikulipa uzito.

Chini ya nyumba, kwenye vyumba vya barabarani, alikuwepo mpangaji, fundi seremala. Kijana mrefu, mpole, penseli sikioni, kazi yake vitanda na makabati. Msumeno wake na randa yake tulishavizoea. Nyundo nayo tuliizoea, au mimi niliizoea. Asubuhi moja nilikuwa kwenye roshani ya nyuma naanika nguo. Chini nyundo inagonga, inagonga, kazi ya watu, sina habari nayo. Ikanyamaza. Nikamaliza shuka, nikabana vibanio, nikarudi ndani na karai tupu. Kiti cha kaka hakikuwa na mtu.

Pazia lilikuwa limesogezwa. Kaka alikuwa amesimama kwenye mdomo wa ngazi, mgongo kwangu, vidole vya miguu vimetokeza nje ya ukingo, chini yake hakuna kitu ila ngazi. Hajashika popote. Mdomo huu unaojua kufoka ulijifunga wenyewe, na nilimwendea kwa kunyata mpaka nikakamata mkanda kwa mikono yote miwili.

"Usinivute," akasema. "Nimesimama vizuri."

"Umekuja kufanya nini hapa?"

Maneno yake siku hizo yalikuja kwa foleni. "Nyundo ilianza. Miguu ikalegea. Nikaona nitembee. Halafu ikanyamaza."

Nikachungulia chini. Mlango wa chuma ulikuwa wazi na fundi amekaa kwenye kidato cha mwisho na kikombe chake cha chai. Alisikia sauti, akageuka, akatuona juu, akanyanyua kikombe. "Shikamoo Shangazi! Mzee leo amesimama, safi kabisa!" Yule kijana hakujua alichokifanya kwa kupatwa na kiu. Angechelewa kidogo kuitamani chai yake, ningemkuta kaka yangu miguuni pake.

Nilimrudisha kaka kitini, nikafunga khanga yangu vizuri, nikaelekea ngazini. Nilikuwa nashuka kumfunga fundi mdomo, nyundo yake na karakana yake. Kaka akanishika mkono. Mkono wake ulitetemeka ukatetemesha na wangu.

"Usimwambie aache."

"Unataka kufa wewe?"

"Nataka kutembea, Pilipili."

Nikamtazama machoni, maana usoni hapakuwa na cha kusoma. Mtu huyu alikuwa amekaa kwenye kiti kile miezi na miezi akisubiri nimalize kuosha vyombo nije nimpigie makofi. Na sasa kulikuwa na kitu kinachopiga makofi chini ya sakafu yake, bure, bila kuchoka na bila kumfokea. Ningekuwa yeye ningekitaka pia. Lakini nilielewa kwamba kuna kitu ndani ya nyumba kinachoweza kumwita kaka yangu, na si mimi.

Basi tukapatana, watu watatu. Kabla ya kushika nyundo, fundi atatoka hadi chini ya ngazi aite: "Shangazi, nagonga!" Mimi nitaacha ninachofanya, nitakwenda kwa kaka, nitashika mkanda, nitajibu: "Gonga!" Nikiwa siwezi, labda nina sufuria motoni, nitasukuma ile meza ndogo nzito mbele ya kiti chake imzuie kuinuka, ndipo nijibu. Bila jibu langu, nyundo haishuki. Fundi alikubali bila maswali. Aliapa kwa kichwa cha mama yake, nami nikamwambia mama yake namfahamu na nitakwenda kumweleza.

Na nisiwe mwizi wa fadhila, zile zilikuwa siku nzuri. "Shangazi, nagonga!" "Gonga!" Nyundo inaanza, mguu unanyanyuka, na sisi tunakwenda, kutoka kitini hadi dirishani, tunageuka kwa kuzunguka duara kubwa kama tulivyofundishwa, tunarudi. Nyuma yake mimi na mkanda wangu. Yeye anapeleka barua. Nilikuwa namuuliza, "Tumefika wapi, Posta?" naye anajibu kwa kauli yake ya chini: "Kwa mwalimu mkuu. Ana mbwa." Mbele kidogo: "Kwa yule mama wa mapacha. Barua ya mume wake." Rafu ya vitabu ilikuwa kituo cha polisi, dirisha lilikuwa hospitali. Nikimtania kwamba leo barua zimechelewa, anasema, "Msaidizi wangu mzito." Chini fundi anagonga kitanda cha mtu, hajui kwamba amepeleka barua mtaa mzima.

Ila mimi nilianza kuona mambo. Kaka amelala mchana, usingizi mzito, bomba la jikoni linadondosha maji kwenye beseni, na ndani ya soksi vidole vya miguu vinaitikia. Nikalifunga bomba kwa kitambaa. Nakata vitunguu kwenye ubao, nageuka, namkuta amekaa ukingoni mwa kiti, mikono tayari imeshika pembeni, macho yananitazama kana kwamba ni mimi niliyemsukuma. Nikajifunza kukata vitunguu ovyo, kisu kinakwenda, kinasimama, kinarukaruka. Redio nikaweka za mazungumzo tu, muziki nikaufukuza. Hata kutembea kwangu nilikupunguza, nikavua ndala ndani ya nyumba. Nilianza kuishi humo kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na mtoto mwenyewe ni miguu ya kaka yangu.

Kila nikipita pale kwenye pazia, nilikuwa nasikia ubaridi unapanda kutoka chini. Najiambia ni upepo wa mlango wa chuma. Napita haraka.

Halafu mteja mmoja wa fundi akaja kuchukua kabati lake. Fundi alikuwa ametoka kununua gundi. Mteja, mtu mjuaji, akaona kuna msumari umechomoza, akaokota nyundo akaanza kugonga mwenyewe. Hakuna aliyeita. Mimi nilikuwa bafuni na sabuni kichwani. Nilitoka vile vile, povu machoni, nikamkuta kaka amelalia pazia kwa kifua. Pete za pazia zilikuwa zimeng'oka karibu zote. Zilizobaki ndizo zilizokuwa zimemshika, na chini ya kitambaa miguu ilikuwa bado inakanyaga pale pale, upesi upesi, ikitafuta pa kwenda.

Siku ile sikufoka kabisa, na kaka aliogopa zaidi kwa hilo.

Kumhamishia chini tulishafikiria. Chini ni vumbi la mbao na harufu ya gundi, na yeye alishaanza kupaliwa hata na maji. Kumfukuza fundi, kaka hakutaka kusikia. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa amesimama sebuleni kwetu anakunjakunja kofia yake kwa aibu ya kosa la mteja: "Shangazi, niweke geti. Geti dogo la mbao, hapa juu. Naweka nguzo ukutani pande mbili, bawaba imara, komeo upande wa nje, mkono wake usikofika. Linafungukia ndani tu. Akilisukuma, ndivyo linavyozidi kukaza."

Sijui kwa nini hatukulifikiria mapema. Nilimkumbatia yule kijana akaona haya mpaka masikioni.

Kaka ndiye aliyefurahi kuliko wote. Fundi alimletea kipande cha zile mbao akishike, akakishika siku nzima, kidole gumba kikikisugua mpaka kikang'aa. "Likishawekwa," akaniambia, "nitatembea peke yangu."

"Peke yako wapi?"

"Hapa hapa. Bila wewe kunishika mkanda kama mbuzi wa kupelekwa mnadani."

"Mbuzi ana adabu kuliko wewe," nikamwambia. Alicheka, yaani mabega yalicheka. Na mimi, niseme ukweli, nililitaka geti lile kwa uchovu wangu. Nilitaka niweze kuoga mpaka mwisho. Nilitaka kusikia nyundo bila kuacha ninachofanya.

Asubuhi ya geti dawa ilikuwa imekolea kuliko siku nyingi. Alikula vizuri, hakupaliwa, akaniomba nimvalishe shati lake la mikono mirefu kwa sababu kuna mgeni. "Mgeni gani, si fundi?" "Amekuja rasmi," akasema. Nikamvalisha, nikamkalisha kitini, mkanda kiunoni, nikasukuma meza ndogo mbele yake kama kawaida.

Fundi akapanda na nguzo mbili begani na geti mgongoni, jasho linamtoka, geti zuri kweli, amelipiga msasa mpaka linateleza. Nilimfungulia mlango wa chuma mwenyewe. Nilipanda mbele yake, nikashika pazia nililokuwa nimelishona upya, nikalikunja, nikalifunga fundo juu lisichafuke kwa vumbi. Akatafuta pa kuweka vifaa vyake. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, sikutaka mafuta ya bawaba sakafuni kwangu. Nikasema, "Ngoja." Nikaivuta ile meza ndogo kutoka mbele ya kaka, nikampelekea pale ngazini.

"Ahsante, Shangazi."

"Utakunywa chai?"

"Ukinipa sikatai."

Nikaenda jikoni. Nilipita karibu na kaka, nikamgusa bega. Alikuwa anatazama ngazini kwa hamu, kama watu wanavyotazama mlango wa harusi.

Nataka niyapange haya polepole kwa sababu kila mtu aliyekuja baadaye, majirani, wanawe kwenye simu, yule binti wa mazoezi, kila mmoja aliuliza: kwani fundi hakuita? Hakuita. Kuita ilikuwa ni kitu cha kufanya ukiwa chini. Unatoka karakana, unasimama chini ya ngazi, unaita juu. Siku ile alikuwa juu. Nilimfungulia mimi, nimempa meza mimi, nimemuuliza chai mimi. Angeniita aniambie nini? Na mimi nilipoisikia nyundo ikianza, sikushtuka hata chembe, kwa sababu nyundo tuliyokuwa tunaiogopa ilikuwa ya chini ya sakafu, na hii ilikuwa ya kwetu. Hii ndiyo ilikuwa inajenga geti.

Niliifurahia. Maji yalikuwa yanachemka, nyundo inagonga, na kwa kila pigo nilisema moyoni, ahsante Mungu. Pigo, ahsante. Pigo, ahsante. Nikamimina chai, nikatia sukari, nikakoroga, na baadaye nilikumbuka kwamba kijiko changu kilikuwa kinakwenda na nyundo.

Yaliyotokea ngazini alinisimulia fundi. Alikuwa amepiga goti kwenye kidato cha pili kutoka juu, uso ukutani, nguzo ameiegemeza kwa bega, misumari ameibana midomoni kama wanavyofanya. Hakusikia kitu, nani asikie nyayo za soksi chini ya kelele ya nyundo. Aliona kivuli ukutani, juu ya nguzo. Akageuza macho, akaona shati la mikono mirefu linamjia, kaka ameinama mbele, hatua fupi fupi zinakimbiliana, macho yanang'aa. Kaka alikuwa anapeleka barua.

Fundi hakuweza kupiga kelele kwa ile misumari mdomoni. Alifanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Aliacha kugonga.

Na nyundo iliponyamaza, miguu ilisimama. Ilisimama pale pale, kwenye ukingo, imara kabisa, kama ile mara ya kwanza. Lakini mara ya kwanza alikuwa amesimama wima. Mara hii kiwiliwili kilikuwa kimeshatangulia.

Mimi jikoni nilisikia kimya. Nikasimama na kijiko mkononi. Halafu nikasikia misumari inamwagika, inashuka ngazi, inagongagonga kidato kwa kidato mpaka chini kabisa. Nikajiambia ni misumari. Fundi kaangusha misumari yake. Nilibeba kikombe cha chai nikatoka nacho sebuleni, kimejaa pomoni, nakitazama kisimwagike. Nilipoinua macho nikaona kiti.

Sitaki kueleza nilichokikuta chini. Alikuwa hai. Fundi alikuwa amemwangukia, au amemkumbatia, wote wawili kwenye mlango wa chuma, na fundi damu inamtoka mdomoni kwa misumari. Kaka alinitazama. Uso ule ule.

Nyonga ilivunjika, na bega. Hospitali walifanya walichoweza, wakaturudisha nyumbani na maelezo marefu ya namna ya kumgeuza kitandani. Watu wanne walimpandisha ngazi ile kwa shuka, na katikati ya ngazi wakapumzika, na mimi nikasubiri juu na kukisikia kile kibaridi kinapanda. Tangu hapo hajasimama. Daktari hakusema neno "kamwe", alisema "tuone", huku akifunga kalamu yake. Sauti nayo imezidi kwenda ndani. Siku nyingine namwekea sikio mdomoni na bado sipati kitu. Mkanda niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba.

Nguzo moja ilibaki pale juu, imegongomewa nusu. Nilipita hapo kila siku kana kwamba sijaiona. Fundi hakugonga kitu kwa muda mrefu. Kazi za watu alipeleka kuzimalizia kwa rafiki yake, mtaa mwingine. Nilimsikia chini anapiga randa tu, taratibu, kama anaomba msamaha. Nilipomkuta barabarani alitazama viatu vyangu. Nilitaka kumtukana siku moja, nilifungua mdomo, halafu nikakumbuka ile meza ndogo ilitoka wapi. Nikamuuliza hali ya mama yake.

Ndipo siku moja asubuhi nikasikia miguu yake kwenye ngazi, imesimama katikati. Akaita kwa sauti ya kukwaruza. "Shangazi, nije nimalizie geti?"

"La kumzuia nani?" nikajibu. Yalinitoka makali kuliko nilivyotaka.

Akasema, "Niliahidi."

Nikaingia chumbani. Kaka alikuwa macho, amelala chali kama nilivyomweka. Nikamwinamia nikamuuliza, fundi anataka kumalizia geti, amalizie? Akafumba macho akafumbua, ndiyo yake ya siku hizi. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamwekea mkono begani, lile zima. Kwa nje nikamsikia fundi anapanda, anaweka vifaa vyake, sakafuni safari hii. Halafu akarudi chini. Alishuka ngazi yote mpaka kwenye mlango wa chuma, nikamsikia anageuka, nikamsikia anavuta pumzi.

"Shangazi, nagonga!"

Kaka alinitazama akisubiri.

"Gonga," nikasema.

Alipanda, na nyundo ikaanza. Pigo la kwanza lilinipiga mimi. La pili, la tatu, na nikaona shuka inasogea kule mwisho wa kitanda. Wa kulia, wa kushoto. Wa kulia, wa kushoto. Nyayo zilikuwa zinapanda na kushuka chini ya shuka, taratibu, hazikuwa na haraka yoyote, hatua za mtu mwenye barua nyingi na siku nzima mbele yake. Macho yake yalikuwa yanang'aa vile vile alivyonisimulia fundi.

Sikupanga kumuuliza. Mdomo uliuliza wenyewe kwa mazoea. "Tumefika wapi, Posta?"

Nikashusha sikio mpaka kwenye midomo yake. Nyundo ilikuwa inagonga, ikabidi nisubiri apate pumzi, lakini safari hii nilisikia kila neno.

"Ngazini," akasema. "Nishike mkanda."

Mkanda ulikuwa kule nyuma ya mlango. Nikashika shuka kwa mikono yote miwili, nikaivuta kwangu nikaikaza, na fundi akaendelea kugonga.